Mdomo Usiopimwa

Samaki wa mtaa wa Vidotoni walikuwa wanaliwa. Waliingia ishirini kwenye tangi siku ya Jumatatu, Ijumaa wakabaki watatu, na nchi nzima ya Masindiko ilijua nani amewala, ila hapakuwa na aliyeruhusiwa kusema.

Masindiko ilikuwa nchi ya mitaa saba na chemchemi saba, iliyolala kwenye mteremko mmoja kama nguo iliyoanikwa, na juu kabisa ilikaa ikulu ya ukoo wa Mapezi, ambao wanaume wake walivaa majoho yenye mikono mirefu ya kuburuza chini, wakiwaiga samaki malaika wanne waliofugwa katika tangi la kioo kwenye ukumbi wa baraza. Malaika hao walikuwa wembamba kama sahani zilizosimamishwa wima, na walipita majini taratibu kama watu wasiodaiwa salamu. Kila mwaka kila mtaa ulileta samaki wa kuishi nao. Mtaa ambao siku ya hesabu haukuwa na samaki hai tangini ulisemekana umekataa umoja, na chemchemi yake ikawa mali ya ikulu. Mitaa mitano ilikuwa imekwisha kukataa umoja kwa namna hiyo.

Mtunza tangi, Kituwe, aliwalea malaika wale tangu mayai na hakuwaona wabaya. Samaki hula kinachomwingia mdomoni. Ubaya ni wa anayemchagulia wenzake kwa kutazama rangi.

"Ongeza wengine, wakubwa kidogo," alimwambia Bi Zamoyoni, mjumbe wa Vidotoni. "Siku ya hesabu ni mwezi ujao."

"Wakubwa niwatoe wapi, mwanangu? Maji yetu yanafika kwenye kifundo cha mguu. Samaki mkubwa kwetu ataogelea kwa ubavu."

Kituwe akaenda kwa mtawala, Mwinyi Bwelasi.

"Mtukufu, tupime kwanza mdomo wa malaika, ndipo tuwachagulie wenzao. Kambare wadogo wa chini watafaa. Na samaki wapana, wapole."

"Mdomo wa malaika haupimwi," alisema Bwelasi, na baraza likacheka. "Wewe pima chakula."

Bi Zamoyoni alirudi na ndoo. Ndani yake walikuwamo samaki kumi wa milia, wanene, wasiotulia, aliowaomba kwa jamaa zake wa kinamasini. Kituwe aliwatambua mara moja. Samaki hao hawamezeki, na hawawezi kuona pezi refu wakaliacha.

"Hawa wanakula nini, mama?"

"Watakachokikuta."

"Nawe ni mchokozi."

"Mimi? Mimi nimeleta wageni tu."

Kituwe aliwatazama malaika wake muda mrefu. Kisha akawaza chemchemi ya Vidotoni, na akina mama wanaoisubiri na madumu. Akainamisha ndoo.

Siku ya hesabu wale watatu wadogo walikuwa wameshaliwa. Wa milia walikuwa kumi, wazima. Mapezi ya malaika yalibaki nyuzi, nao waliegemea kioo, hawali.

"Kwa nini hukusema?" Bwelasi alifoka.

"Nilisema, Mtukufu. Baraza likacheka."

Safari hii halikucheka. Watu waliokuwa wamezoea kutazama sakafu walikuwa wakiitazama mikono ya joho la Bwelasi, na alipogeuka aondoke, Bi Zamoyoni alikuwa ameukanyaga mmoja.

"Samahani, baba," alisema. Mguu hakuuondoa haraka.

Vidotoni ilibaki na chemchemi yake. Gharama yake ni hii. Samaki wadogo wa Vidotoni, ishirini. Malaika, wanne, wa mwisho alifia mkononi mwa Kituwe. Chemchemi zilizochukuliwa zamani ni tano, na hakuna iliyorudi. Mtunza tangi mmoja, kafukuzwa. Wa milia wangali tangini, sasa wanang'atana wenyewe. Jana walihesabiwa tisa.