Mwenye Nyumba Aonje Kwanza

Ndirangu alipoitoa chupa mfukoni na kuiweka mezani, kati ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, upawa ulinitoka mkononi.

"Divai nyeupe," alisema, kifua mbele. "Muuzaji kaniambia haina mwenzake kwa samaki. Dzombo, dawa si umemaliza?"

Simlaumu. Ndirangu ni jirani mgeni hapa Junju, mkarimu kupita kiasi, na sisi ndio tuliomdanganya. Yeye na Ngumbao, aliyerudi majuzi kutoka Lamu, rafiki wa utotoni wa mume wangu Dzombo, tuliwaambia Dzombo hanywi kwa sababu ya dawa za tumbo. Ukweli ni kwamba Dzombo alikuwa akilala mangweni, kwa wauza mnazi, mpaka nikamchukua mwanangu Kache nikaenda zangu kwetu Ganze. Alipokuja kunibembeleza nilimwambia: funda moja tu, na hutatuona tena. Tangu hapo hajagusa. Nami tangu hapo sijalala nikashiba usingizi.

Njia ya mwongo ni fupi. Yetu iliishia hapo mezani. Ndirangu alishamimina, rangi ya maji ya dafu, akainua bilauri yake. Ngumbao akamshika mkono.

"Taratibu, bwana. Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza, awatoe wageni shaka. Baba yangu mdogo alipokea kikombe kisichoonjwa, na hakuamka." Hakuwa anacheka. Akamsogezea Dzombo bilauri. "Funda moja tu, ndugu yangu."

Funda moja tu! Nilitamani kumzaba kofi. Dzombo asipoonja, ni kama amesema mna sumu, na urafiki umekufa. Akionja, nyumba yangu imekufa. Na nikisema mimi, nimemvua nguo mume wangu mbele za watu.

Dzombo akaishika bilauri. Akainusa. Wallahi alifumba macho. Niliogopa, jamani, niliogopa. Nikaiona tena njia ya Ganze na vumbi lake, Kache mgongoni analia.

"Baba Kache," nikaita. "Samaki wanapoa."

Akaniangalia. Akairudisha bilauri mezani, polepole.

"Ngumbao, hakuna dawa wala tumbo. Ni ulevi. Mimi nikionja, siachi."

Ndirangu akainamia sahani yake. Ngumbao alimtazama Dzombo, akaitazama ile bilauri. Kisha akaichukua, haijaonjwa na mtu, akainywa yote. Akatulia kidogo, kama anayesikiliza tumbo lake.

"Mtu aliyeweza kunambia hilo," akasema, "hawezi kuniua."

Ndirangu akashusha pumzi, akanywa yake. Punde wakawa wanabishana iwapo divai inafaa zaidi kwa samaki au kwa mchuzi wa nazi, na wote wawili wakaomba waongezewe wali. "Shemeji," Ngumbao akaniambia, "itakayobaki naondoka nayo mimi. Hapa hailali."

Dzombo akamaliza samaki wake. Akaniomba maji. Nikayachota mtungini, nikamletea, na kabla sijampa nikaonja mimi kwanza.