Buluu Inayokohoa

Jumatatu, tarehe 8 Machi 1971, saa tatu asubuhi, jua lilikuwa kali mjini Kisumu na ziwa halikuwa na upepo. Metrine aliketi ofisini mwa Bwana Joram, meneja wa kiwanda cha Rangi Shwari, akingoja amalize chai.

Rangi Shwari ilianza mwaka 1964 katika banda karibu na reli, ikiuza rangi nyeupe tu. Buluu yake, iliyopendwa kuanzia Maseno hadi Muhoroni, ilibuniwa na Masinde, mume wa Metrine. Aliichanganya kwa miaka sita, madirisha yakiwa yamefungwa, kwa kuwa vijidudu vya ziwani huja kama moshi na kunasa katika rangi mbichi. Masinde akaanza kukohoa, akaachishwa kazi, akafariki mwezi wa Januari. Tangu azikwe, kuta zilizopakwa buluu ile hukohoa.

Ukuta wa ofisi ulikohoa.

"Ni yeye," Metrine alisema. "Alikohoa hivyo kila alipotaka kuomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini tena, Mama? Si alishaondoka?"

"Ya kufungua dirisha. Kesho mdogo wangu Enos anashika kazi ile ile. Fungueni madirisha, Bwana Joram."

"Nani atanunua rangi yenye mabawa?"

"Wekeni wavu."

"Wavu ni wa samaki, Mama."

"Na wateja hawalalamiki kukoholewa?"

"Mwanzoni walilalamika. Siku hizi hutega sikio ukutani kabla ya kumlipa fundi. Isiyokohoa ni bandia."

Akamwonyesha kopo jipya. Chini ya nembo paliandikwa: *Halisi Hukohoa*.

Metrine alilizungusha kopo lote. "Jina lake halipo."

"Sauti yake imejaa mji mzima. Jina la nini?"

Ukuta ulikohoa tena. Joram alinyamaza hadi ulipomaliza, kwa adabu, kisha akampa Metrine pole na lile kopo.

Joram aliagiza makopo mengine ya namna hiyo. Metrine alilibeba lake hadi nyumbani kwake mtaani Nyalenda, akapaka ukuta wa upande wa kitanda, akalala akiuelekea. Enos aliripoti kazini Jumanne saa mbili, akapewa aproni ya Masinde, akakaza makomeo ya madirisha kama alivyoagizwa, akaanza kukoroga.