Uzito wa Koti

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe mara mbili, kikanyamaza. Giza lilikuwa bado limekaa jikoni, na aliyekuwa akikoroga chai hakutaka kuwasha taa, maana taa ile ilimulika moja kwa moja kitandani kwa mtoto.

"Kunywa, mwanangu," mama mkwe alinong'ona. "Tumbo tupu halina adabu. Litaunguruma mbele ya daktari, uaibike."

"Nimechelewa, mama."

"Umechelewa nini? Hata jogoo hajasafisha koo."

Mama kijana akainywa chai akiwa amesimama, huku akitafuta viatu kwa vidole vya miguu. Binti yake wa miaka mitatu alikuwa ametoa mguu mmoja nje ya blanketi. Akaurudisha ndani. Mguu ukatoka tena, kama una mwenyewe mwingine.

"Keshokutwa ndiyo Ijumaa yenyewe?" mama mkwe aliuliza.

"Ndiyo hiyo."

"Basi nenda. Huyu niachie mimi. Akikuulizia nitamwambia umekwenda kuwatibu watoto wakaidi wasiokula."

Ijumaa hiyo ilikuwa imemkaa rohoni miezi mitatu mizima. Alikuwa amemaliza sekondari kwa masomo ya jioni, mwaka wa mwisho akiwa na mimba, dawati likimbana tumbo. Baada ya hapo akasoma chuo cha uuguzi, akapata leseni, na hospitali ikamchukua pamoja na wenzake tisa kwa mwaka mmoja wa utarajali: unafanya kazi kama muuguzi, lakini chini ya jicho la mlezi. Miezi mitatu ya kwanza ni ya majaribio. Kila mtarajali ana kijitabu chenye kazi ishirini na tatu, na mlezi huzisaini moja moja anaporidhika. Zikitimia zote, unabaki kwenye wodi uliyoomba. Ikipungua moja, unapelekwa kokote wanakokuhitaji. Yeye aliomba wodi ya watoto, na hakutaka kwingine.

Ishirini na mbili zilikuwa zimesainiwa. Sindano, mirija, oksijeni, zote. Iliyobaki ilikuwa kupima uzito.

"Mbona hiyo ndiyo rahisi kuliko zote?" aliwahi kumwuliza mlezi wake.

"Kinachoonekana rahisi mimi hukisaini mwisho," alijibiwa.

Mlezi huyo alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno, na wodi nzima ilimwita Mama Saa kwa sababu alivaa saa mbili: moja mkononi, nyingine imening'inia kifuani. Ukimwuliza kwa nini, alisema moja ikimdanganya, nyingine itaisuta.

Asubuhi ile ya Jumatano mtarajali alimkuta Mama Saa akivuta droo za meza na kuzibamiza.

"Stepla nayo imekwenda!" alisema. "Jumapili kufuli la kabati la shuka, leo stepla. Wodi hii ina panya wanaokula chuma."

"Nikusaidie kutafuta?"

"Kapime watoto. Panya niachie mimi."

Wa kupimwa kwanza, siku zote, alikuwa msichana wa miaka sita wa kitanda cha nne. Wauguzi walimwita Bi Mkubwa, maana alikuwa akiamuru wodi nzima tangu siku aliyopata pumzi ya kusemea. Aliletwa na ugonjwa wa mapafu uliomla mpaka akabaki macho na magoti. Sasa kifua kilikuwa kimetulia, kilichobaki ni mwili kurudi. Daktari alisema akifika kilo kumi na tano ataruhusiwa, na Bi Mkubwa aliikamata namba hiyo kama mtu aliyetajiwa siku ya harusi yake.

"Leo nimefika?" aliuliza kabla hata ya salamu.

"Tutaona, Bi Mkubwa. Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo. Twende."

Mizani ilikuwa kwenye chumba kidogo mwisho wa ukumbi, sakafu ya saruji, dirisha limepungukiwa kioo kimoja. Utaratibu ulibandikwa ukutani kwa herufi kubwa: mtoto hupimwa akiwa na chupi tu. Lakini Jumamosi, siku yake ya kwanza kumpima, mtarajali alipomvua Bi Mkubwa koti, mbavu zilitetemeka na kikohozi kikaanza upya. Roho yake ya mama haikuvumilia. Akamrudishia koti, akampima nalo, kisha akatoa nusu kilo ya koti, kama wafanyavyo wauza duka wanapotoa uzito wa gunia. Siku hiyo aliandika kumi na nne kamili. Jumapili ikapanda, Jumatatu ikapanda, Jumanne ikapanda tena. Leo mizani ilisema kumi na tano nukta sita. Akatoa nusu, akaandika kumi na tano nukta moja.

"Umefika," alisema.

Bi Mkubwa hakuruka wala hakupiga kelele. Alishuka polepole, mikono ameibana mifukoni kama mzee anayerudi kutoka kuchukua pensheni.

Daktari alipopita alizitazama zile namba tano zilizopanda kama ngazi. "Kazi nzuri," alisema. Akafuta maziwa ya ziada ya kumrudishia mwili na kuandika kwamba kesho mtoto arudi nyumbani.

Mchana, shangazi yake Bi Mkubwa, aliyekuwa akimwuguza kwa sababu mama mtu amejifungua wiki mbili zilizopita, alianza kufunga vitu. Mtoto alikuwa uani akiota jua. Koti lilikuwa limetundikwa kwenye pembe ya kitanda, na mtarajali alilichukua ili alikung'ute vumbi.

Koti likauvuta mkono wake chini.

Alisimama kidogo. Kama kuna kitu alichokijua duniani ni uzito wa koti la mtoto. Alilibeba moja kila jioni, pamoja na mwenye koti. Akaingiza mkono mfukoni. Mfuko ulikuwa umetoboka, na tundu likamwongoza mpaka ndani ya bitana. Akatoa kufuli. Akatoa stepla. Akatoa soksi iliyofungwa fundo, imejaa kokoto za uani, zimeoshwa vizuri.

"Mungu wangu," shangazi alisema, akaketi juu ya mfuko wa nguo. "Huyu mtoto! Nilimwambia mdogo wake ana mashavu kama yeye zamani. Akaniuliza, 'Sasa watamzoea yeye?' Nikacheka. Kumbe mwenzangu alikuwa na mipango."

Mtarajali hakucheka. Alikwenda kwenye mizani, akaweka koti na vyote vyake. Kilo moja na nusu. Akaitoa kwenye kumi na tano nukta sita ya asubuhi, mara mbili, jibu likabaki lile lile: kilo kumi na nne na gramu mia. Siku tano, mtoto alikuwa ameongeza gramu mia tu, na maziwa ya ziada yameshafutwa.

Shangazi alimfuata mpaka mlangoni. "Sikiliza, mdogo wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Mbona si jambo la kuvunja ukuta? Kesho mpime tena, uandike kapungua. Watoto hupungua. Nani atauliza?"

Hakuna ambaye angeuliza. Hilo ndilo lililomwogopesha. Kufuli lingeokotwa chini ya kabati, stepla ingeonekana nyuma ya droo, na Ijumaa kalamu ya Mama Saa ingepita kwenye mstari wa mwisho. Aliliona lote hilo, jepesi, limenyooka. Kisha akaiona ile ngazi ya namba tano kwenye faili, na daktari akiipanda siku nyingine kwa ugonjwa mwingine, akihesabia dawa juu yake.

Alimkuta Mama Saa akiandika. Akaweka kufuli, stepla na soksi mezani.

"Panya nimempata," alisema. "Lakini mwenye kosa ni mimi."

Mama Saa alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa. "Nani alimpima?"

"Mimi."

"Siku zote tano?"

"Zote tano. Na koti."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anasikia baridi."

"Ulimhurumia."

"Ndiyo."

"Huruma yako ingempeleka nyumbani na mwili wa karatasi. Angepata mafua, akarudi hapa amebebwa." Hakupandisha sauti. "Lete faili."

Akamfanya akate kila namba kwa mstari mmoja, ili ya zamani isomeke, aandike kando sababu, na jina lake, na saa. Mara tano. Kisha wakaenda pamoja kwa daktari, na mtarajali akasema mwenyewe. Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akarudisha maziwa ya ziada na kufuta ruhusa ya kesho. Hakusema "kazi nzuri."

Ukumbini mtarajali aliuliza kilichokuwa kinamchoma. "Na Ijumaa?"

"Ijumaa utampima mbele yangu, kwa utaratibu. Hashikwi kwa nguvu, hadanganywi kwa peremende. Akikataa, ukurasa unabaki mtupu, na Jumatatu unahamia wanakokupangia." Mama Saa akatazama saa ya kifuani, halafu ya mkononi. "Mtoto ndiye atakayesaini, si mimi."

Bi Mkubwa alipoambiwa kwamba haendi, aligeukia ukuta. Hakulia. Alhamisi asubuhi hakutaka maziwa, hakutaka uji, hakutaka kupimwa. Shangazi alibembeleza, akatisha, akabembeleza tena. Mtarajali alipomaliza kazi za asubuhi alivuta kigoda, akakaa upande wa mgongo wa mtoto.

"Umeniharibia," mgongo ulisema.

"Nimekuharibia. Kweli."

Blanketi likavutwa mpaka sikioni. Pengine mtoto alitegemea ubishi.

"Ulisema nimefika."

"Nilisema. Niliandika kitu kisicho kweli siku tano, kwa mkono wangu. Jana nilikifuta mbele ya watu."

"Ulichapwa?"

"Sikuchapwa. Lakini nilitazamwa na Mama Saa."

Bega moja lilitikisika kidogo. Wodi nzima ilijua maana ya kutazamwa na Mama Saa.

"Kokoto ni zangu," mtoto alisema.

"Zako ziko kwenye kopo, utapewa. Sasa nisikilize. Dawa hapa inapimwa kwa kilo. Nikiandika kilo za kufuli, nitakupa dawa ya kufuli. Na kufuli halikohoi."

"Kufuli halina hata mdomo."

"Ndiyo maana halinywi maziwa. Wewe unao."

Bi Mkubwa aligeuka nusu, jicho moja. "Mama ana mtoto mwingine. Nikikaa sana watamzoea yeye."

Mtarajali angeweza kusema maneno matamu, na yalikuwa yameshamjia mdomoni. Akayameza. "Watamzoea, ndiyo. Ukirudi watakuzoea tena na wewe. Mimi huondoka nyumbani binti yangu amelala, na jioni huninunia kama dakika kumi hivi. Halafu hunipanda mgongoni."

Mtoto akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kwanza. Kisha akasema lile ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza:

"Kule ndani kuna baridi. Na chini kunauma miguu."

Basi mtarajali akaliona kosa lake lilikoanzia. Siku tano alipambana na baridi kwa kudanganya mizani, wala hakuwahi kuligusa dirisha.

Zamu ilipokwisha hakuondoka mara moja. Aliomba boksi tupu la glavu, akalikunjua, akalibandika mahali pa kioo kwa plasta pana. Mfagiaji alimpa ushauri bila kuombwa: "Bandika na huku, sista, upepo una akili kuliko sisi." Kisha akakunja blanketi dogo mara nne, akaliweka juu ya mizani, akabonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Tarakimu zikacheza, zikatulia kwenye sifuri. Akaweka mfuko wa dripu ya maji ya chumvi wa kilo moja juu ya blanketi. Moja kamili. Akarudia. Moja kamili.

Nyumbani alifika kiza kimeingia. Binti yake alimnunia dakika kumi na tano.

"Imekuwaje?" mama mkwe aliuliza.

"Bado sijui, mama."

"Haya. Asiyejua hajashindwa. Kula."

Ijumaa, Mama Saa alisimama mlangoni mwa chumba cha mizani, kijitabu kwapani, kalamu mkononi. Shangazi aliachwa ukumbini akiwa ameng'ata kidole. Bi Mkubwa aliingia amevaa koti, amelifunga vifungo vyote mpaka kidevuni.

Alitazama dirisha. Akalisogelea, akaweka kiganja kwenye boksi.

"Limezibwa?"

"Limezibwa," mtarajali alisema.

Alitazama mizani. "Hilo blanketi si litahesabiwa?"

"Tazama pale kwenye kioo cha mizani. Inasema nini?"

"Sifuri."

"Basi halihesabiwi."

Mtarajali hakuunyoosha mkono. Alikuwa amejiambia hatagusa kifungo hata kimoja, na vidole vyake vilikuwa vikimwasha kwa kutogusa. Mama Saa naye hakukohoa. Saa zake mbili zilisikika zikipishana.

Bi Mkubwa akafungua kifungo cha juu. Cha pili kikamsumbua, akakitukana kimoyomoyo, midomo tu ikicheza. Akavua koti, akalikung'uta mara moja mbele ya Mama Saa, kama mtu anayeonyesha hana kitu, akamkabidhi mtarajali alishike. Akavua gauni. Akapanda juu ya blanketi, amenyooka, mikono pembeni, mbavu zikionekana zote.

Tarakimu zikacheza, zikatulia. Mama Saa alishatoa kifuniko cha kalamu.

"Nani anasoma?" aliuliza.

"Asome mwenyewe," mtarajali alisema.

Mtoto akainama, akatazama kumi na nne, akatazama ile nukta, akatazama mbili iliyokuja baada yake. Akainua uso.

"Bado sijafika."