Tundu Lisilo na Msumari

Mzee Randa hakuwa mtu wa kugawa neno "fundi" ovyo. Vijana wengi walipita kwenye karakana yake, wakajifunza kupima, kukata na kuunga, wakaenda zao na kujiita mafundi huko walikokwenda. Yeye aliendelea kuwaita "yule wa vitanda" na "yule wa madirisha." Mtihani wake ulikuwa mmoja tu. Alikupa kiti cha zamani kilichogandishwa kwa gundi, akakuambia ubandue viungo vyake bila kuacha jeraha kwenye mbao.

"Kugandisha ni kazi ya gundi," alikuwa akisema. "Kubandua ndiyo kazi ya fundi."

Aliyefaulu alichomekewa sikioni penseli ya kiseremala, ile bapa nyekundu, na mzee mwenyewe, kisha kazi ikasimama watu wanywe soda. Aliyeshindwa hakugombezwa. Kipande alichokivunja kilitafutiwa kazi nyingine mle mle ndani, maana mzee hakutupa mbao.

Katika waliowahi kuvaa penseli hiyo, hakuwemo hata mmoja wa watoto wake. Mwanawe wa kwanza alijaribu ujanani, akashindwa, akaenda kusomea uhasibu. Kitinda mimba, binti, hakujaribu kabisa. Alikulia kwenye maranda, akalala juu ya magunia ya unga wa mbao, halafu alipokuwa mtu mzima akafungua kibanda cha vifaa vya simu kati ya duka la dawa na kinyozi. Huko aliuza kava, chaja na vioo vya kinga, na akawawekea watu programu walizozihitaji, hasa wale ambao vidole vyao vilizoea jembe au sindano kuliko kupangusa kioo cha simu.

"Mwanangu anauza maganda," mzee alikuwa akiwaambia wateja, akicheka. Kicheko chenyewe hakikuwa na ubaya, lakini heshima nayo haikuwemo. Binti alipokisikia aliinua kidevu na kuendelea na shughuli zake, na mtu yeyote aliyemjua mzee angejua kidevu kile kimetoka wapi.

Kisha mzee akaanguka. Alipanda kigoda kuchukua ubao juu, kigoda kikateleza, akalala sakafuni mguu umemgeukia mpaka mteja alipokuja kuulizia kabati lake. Mguu ulipona. Watoto ndio hawakupona. Mhasibu alikuja na hoja zake zimepangwa kama hesabu za mwisho wa mwaka: baba anaishi peke yake chumba cha nyuma, baba hana simu ya maana, na nyumbani kwake yeye mhasibu kuna chumba kizuri na bustani.

"Bustani nitaifanya nini?" mzee aliuliza. "Niitazame ikiota?"

"Utapumzika, Baba."

"Nikipumzika nitakufa kwa adabu. Hapa angalau nitakufa nikiwa na kazi."

Binti ndiye aliyewapatanisha. Alisema baba apewe simu janja na aachwe na karakana yake mpaka mwezi uishe. Akipatikana kila anapotafutwa, abaki. Asipopatikana, ahamie kwa kaka. Mzee alilitazama wazo hilo kama anavyotazama ubao wenye ufa, akalikubali. Alitoa neno lake, na neno la Mzee Randa halikuwa na kurudi nyuma. Hilo ndilo lililokuwa mezani: akishindwa simu, atafunga karakana kwa mkono wake mwenyewe.

Binti akamwekea herufi kubwa. Akamwekea programu ya kumkumbusha dawa ya presha, iliyolia asubuhi na jioni kama kuku anayetaka kutaga. Akamwekea na kikuzo cha kusomea vipimo vidogo, na mwisho, kwa mzaha, akamwekea pima maji ya kwenye simu, ile yenye kipovu kinachocheza katikati.

Mzee aliweka simu juu ya benchi, akaweka pima maji yake ya chuma pembeni, akazilinganisha. Akazigeuza, akalinganisha tena. Vipovu vilisimama mahali pamoja.

"Hii haidanganyi," alisema.

Kuanzia hapo simu ikawa mojawapo ya vyombo vya kazi, na chombo cha kazi hakivai mpira. Kava aliyoletewa na binti aliivua, akaiita kiatu cha mvua. Akachagua kipande cha mkangazi kilichobaki alipotengeneza meza ya mteja, akakichonga kuwa kava ya mbao, nyembamba, yenye kingo zilizozungushwa na msasa mpaka zikawa laini kama sabuni iliyotumika. Alitoboa dirisha la kamera, nafasi ya vitufe na mlango wa chaja. Ilikaa kwenye simu kama ilizaliwa nayo. Siku nzima aliitoa mfukoni bila sababu, kila mteja akaonyeshwa, hata aliyekuja kuomba maji.

Ila kulikuwa na kitu kimoja kilichomkera. Chini kabisa ya simu, pembeni ya mlango wa chaja, kulikuwa na tundu dogo la saizi ya pini. Msumari haukuwemo. Waya haukuingia. Kwa miaka yake yote mzee alijua tundu la namna hiyo ni la mdudu, na kama si la mdudu basi ni uzembe wa kiwandani. Tundu lisilo na msumari huzibwa. Alichanganya unga wa mbao na gundi, akalijaza kwa ncha ya kijiti, akapangusa kwa kitambaa. Pakawa safi. Aliridhika kama mtu aliyemfunga mwenzake kifungo cha shati alichokisahau.

Lilikuwa tundu la maiki, na simu ile ya bei nafuu haikuwa na jingine.

Jioni ile mhasibu alipiga simu ya video. Uso wa baba ukajaa kwenye kioo, nywele zina vumbi la mbao, mdomo unafunguka na kufungika. Sauti haikutoka.

"Baba? Baba, sema kitu."

Mzee akasema. Alisema yuko salama, amekula, amemeza dawa. Aliona mwanawe anakodoa macho na kumwita tena na tena, akadhani kijana amechoka na ofisi. Akarudia polepole, akifungua mdomo vizuri zaidi kama anayemfundisha mtoto kusoma. Upande wa pili hilo lilitisha kuliko yote. Mhasibu aliona mzee anayepambana na ulimi wake, akakumbuka mambo yote aliyowahi kusikia kuhusu watu wa presha waliopoteza kauli ghafla. Akampigia dada yake. Dada akampigia baba, akakutana na kimya kilekile. Kabla jua halijazama gari la kaka lilikuwa limesimama mbele ya karakana, na wote wawili wakaingia mbio, kaka akijikwaa kwenye kipande cha mti kilichozuia mlango usijifunge.

Mzee alikuwa anapiga randa.

"Mmekuja bila kupiga simu," alisema. "Kuna msiba?"

Binti alikaa juu ya rundo la mbao, akashika kifua. Kaka alisimama pale pale, hofu ikimtoka na hasira ikiingia kuchukua nafasi.

"Tumekupigia, Baba. Wote wawili. Hukusema neno."

"Nimesema mpaka koo limekauka. Nyinyi ndio mmekuwa viziwi."

Wakabishana. Mhasibu alipiga simu mbele yake kuthibitisha, mzee akapokea, akaongea kwa sauti ya kuita ng'ombe, na kwenye simu ya mwanawe hapakusikika hata pumzi. Mzee akaitoa simu sikioni, akaitazama. Akatazama kava yake ya mkangazi. Kwa mara ya kwanza tangu aichonge hakujisikia kumwonyesha mtu.

"Baba," mhasibu alisema, sasa kwa upole, na upole ule uliuma zaidi. "Tulikubaliana."

"Tulikubaliana," mzee alijibu.

Hakutafuta sababu. Alifungua aproni yake, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya benchi. Akamwonyesha mwanawe sanduku la patasi, kwamba lile litangulie, mengine yatafuata. Mhasibu akalibeba na kulipeleka kwenye gari. Alikuwa ameshinda, lakini alitembea kama mtu anayetoka hospitali. Mzee akabaki amesimama bila kujua mikono yake aiweke wapi. Aliona uchungu, uchungu hasa, wa kushindwa na kitu kidogo kuliko kiganja chake.

"Nipe hiyo simu," binti alisema.

Aliigeuza. Akaivua kava taratibu, akaitazama kava kwanza, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ndipo akaiinua simu kwenye mwanga wa taa.

"Baba, nani ameziba hapa?"

"Mimi. Lilikuwa tundu tupu."

Mtu mwingine angecheka. Binti alitaka kucheka, mdomo ulimcheza, lakini aliona aproni imekunjwa. Akafungua mkoba wake, akatoa kikasha chenye sindano nyembamba, brashi na kichupa cha dawa ya kulainishia gundi. Akavuta kigoda mpaka kwenye benchi, akaegemeza viwiko viwili, akashusha pumzi.

Mzee alisogea karibu. Alikuja kuangalia simu yake, akajikuta anaangalia mikono.

Binti alidondosha tone moja tu, akangoja. Hakulazimisha. Alijaribu kwa ncha ya sindano, akaona bado, akaiondoa, akangoja tena. Vidole havikutikisika. Chini ya tundu lile kulikuwa na kitambaa chembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Ukikichoma, maiki imekwenda. Mzee hakukijua kitambaa hicho, lakini alijua mtu anayefanya kazi juu ya kitu asichotaka kukijeruhi. Aliijua ile subira. Aliujua hata mkao, bega la kushoto limeshuka kidogo, ulimi umeng'atwa pembeni ya mdomo. Marehemu mkewe alikuwa akimcheka yeye kwa kung'ata ulimi vile vile.

Gundi yake mwenyewe, aliyoiweka kwa mkono wake, ikaanza kubanduka. Ilitoka nzima, kama kipande kidogo cha mkaa wa penseli. Binti akapitisha brashi, akainua simu kwenye mwanga. Hapakuwa na mkwaruzo.

"Maganda," mzee alisema kimoyomoyo, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Nyuma ya aibu kikaja kitu kikubwa zaidi, kikamjaa kifua mpaka ikabidi ageuke kidogo na kukohoa.

Alipogeuka tena alikuwa ametoa penseli nyekundu sikioni mwake. Aliitazama ncha, akaipangusa kwenye suruali, akaichomeka sikioni kwa binti yake na kuinyoosha ikae sawa. Binti alibaki ameshika sindano hewani. Hakuinua kidevu safari hii. Alikiinamisha, na chozi likadondoka kwenye maranda.

Simu ikalia. Ni kaka, kutoka kwenye gari, anajaribu kwa mara ya mwisho kwa kuwa mhasibu hafungi hesabu bila kuzihakiki.

Mzee akapokea. Aliisogeza mdomoni, akasafisha koo.

"Siwezi kuongea sana," alisema. "Niko kazini na fundi mwenzangu."

Kisha sauti ya mwanawe ikaja, kutoka kwenye simu na kutoka mtaani kwa pamoja. "Nakusikia, Baba. Nakusikia vizuri."

"Basi lirudishe sanduku langu. Polepole, usigonge patasi."

Mhasibu aliingia na sanduku kifuani. Aliliweka chini ya benchi, mzee akalisogeza kidogo kwa mguu mpaka likakaa mahali pake, akaichukua aproni na kuikunjua. Ndipo kaka mtu alipoiona penseli kwenye sikio la mdogo wake. Aliijua. Alikuwa ameitaka alipokuwa kijana kuliko alivyowahi kutaka cheti chochote.

"Hongera, fundi," alisema, na alimaanisha. Halafu akacheka kidogo, akijisugua kidole cha mguu. "Mimi siku yangu nilipasua mguu wa kiti."

"Najua," baba yake alisema, akifunga kamba za aproni. "Ndio huo uliokukwaza mlangoni. Nimeutunza, na tangu siku hiyo mlango wangu haujawahi kujifunga."