Alama Mpya ya Mtutu

Binti alifumba jicho moja, akaichungulia kutoka nyuma bunduki iliyobanwa kwenye jiliwa. Kijiti cha kulengea kule mbele kilikuwa kimelala kulia. Kidogo tu, lakini kimelala. Na mwenye bunduki, mumewe, askari wa wanyamapori, yuko kibarazani anafunga kamba za viatu. Mchana huu anamfuata nyati aliyejeruhiwa. Nyati wa namna hiyo hakupi nafasi ya risasi ya pili.

"Baba, mtutu haujakazwa ukafika mwisho."

Mzee, fundi wa bunduki mwaka wa arobaini huu, hakupenda kuulizwaulizwa. "Nimeufunga jana mwenyewe. Alama ya mtutu na alama ya mwili wa bunduki zimekutana, maana yake umefika. Hayo ni macho au vifungo vya shati?"

Kweli zilikutana. Binti akafuta mafuta kwa kidole gumba. Lo! Alama ya mtutu ilikuwa mbichi, inang'aa, na pembeni yake kovu la tupa, pale ya zamani ilipofutwa. Mzee alishindwa kuukaza mtutu hadi mwisho, basi akaihamisha alama. Fundi mzima, jamani! Mficha maradhi kifo humuumbua, ila hapa kifo kingemkuta mwingine.

Hasira zikampanda. Akamwita mumewe ndani.

"Jana ulipoijaribu ulisema ni safi. Ilipiga wapi?"

Mume akatazama sakafu. "Kushoto kidogo."

"Na ukanyamaza?" Mzee ndiye aliyeuliza.

"Wewe ni baba mkwe wangu. Ningeanzia wapi? Nikasema nitalenga kulia, yaishe."

Mzee akakaa kwenye kigoda. "Yaani ungemwacha mwanangu mjane ili kunisitiri mimi?"

Kisha akaokota spana ndefu sakafuni, akampa binti.

"Mikono yangu imekwisha, mama. Kaza wewe. Alama nimeiharibu, imebaki jicho tu. Na wewe, mkwe, simama nyuma uchungulie."

Binti akaegemeza uzito wote. Chuma kikalia, kikasogea.

"Imekaa sawa?" mzee akauliza.

Mume akafumba jicho moja, akakitazama kijiti.

"Bado, baba."