Kofia ya Orval Pickering

Verna Haugstad aliitambua ile kofia kabla haijafika kwenye meza ya duka lake. Aliitengeneza kwa mikono yake miwili miaka ishirini na sita iliyopita, kwa manyoya ya biva, mnyama wa mtoni, yaliyoshindiliwa na kufinyangwa kwa mvuke. Ilikuwa ya rangi ya majivu, ukingo umelegea kidogo upande wa kulia, pale Orval Pickering alipozoea kuishika akiivua.

Aliyeileta hakuwa Orval. Alikuwa Preston Wakely, tajiri aliyeinunua ranchi ya Mto Sage mwaka jana. Akaibwaga mezani ukingo chini, kosa lisemwalo humwaga bahati, ambalo watoto wa jimbo la Wyoming hukanywa kabla hawajaota meno. Verna akaigeuza chali. Kwenye benchi, wachunga ng'ombe wawili waliokuwa wakingoja kofia zao walitazamana.

"Inanibana, mama," Wakely akasema. "Nataka uipanue. Na humo ndani kwenye mkanda wa ngozi kuna jina la mtu. Likwangue, uweke langu."

Damu ilimpanda Verna kichwani. Hivi kuna watu wameumbwa bila haya? Orval alikuwa amekufa Jumatatu. Alichunga ng'ombe wa ranchi ile miaka thelathini, bila mke wala mtoto, na siku alipoanguka zizini akapakiwa kwenye gari la wagonjwa kichwa wazi. Bwana huyu hakungoja hata mzee apate nafuu. Alibadilisha kufuli ya bweni alimolala mzee, akatupa vitu vyake nje kwenye theluji, vyote isipokuwa kofia, kwa kuwa kofia ilimpendeza.

Na kule mchunga ng'ombe hazikwi bila kofia yake juu ya jeneza. Lavonne, dada wa marehemu, alimwandikia Wakely mara mbili akiiomba, asijibiwe. Jana alikuja dukani kwa Verna kuomba kofia yoyote ya kuazima. Verna alimwambia arudi leo, ingawa kwake kumwekea Orval kofia ya mtu mwingine ilikuwa sawa na kumzika kwa jina la jirani.

"Hii ina mwenyewe," Verna akasema.

"Mwenyewe ni mimi. Nilinunua ranchi na kila kilichomo. Nina karatasi."

"Ulinunua nyumba, ng'ombe na nyasi. Na jasho la Orval nalo liliandikwa kwenye karatasi yako?"

"Ni kofia tu, mama! Mimi nataka iliyochakaa. Nikivaa mpya, watu wataniona mgeni."

"Wewe *ni* mgeni," mmoja wa wale wa benchi akadakia.

"Nitakulipa mara mbili."

 Verna alivuta droo alimohifadhi vipimo vya wateja wake, kila kichwa na karatasi yake iliyokatwa kwa umbo lake, akatoa ya Orval. Ilikuwa ndefu, imebonyea kushoto, palipowahi kupigwa teke na farasi. Akaitumbukiza ndani ya kofia. Ikakaa sawasawa, pasipo mwanya hata wa kupitisha ukucha.

"Kichwa chake ndicho hiki," akasema. "Niipanue, nikifute? Mkono wangu haufanyi kazi hiyo. Tafuta mwingine asiye na aibu kama wewe."

Uso wa Wakely uliiva. Aliitoa karatasi akaitupa, akainyakua kofia na kuibandika kichwani. Ikakaa juu juu kama kifuniko cha sufuria kidogo kwenye sufuria kubwa. Akageuka aondoke, mlango ukafunguliwa, akaingia Lavonne Pickering na nguo zake nyeusi.

Lavonne aliiona kofia ya kaka yake, akasimama palepale. Sauti ilipotoka ilikuwa kavu.

"Bwana Wakely, mimi ni dada yake Orval. Huku kwetu mwanamume akisemeshwa na mfiwa huvua kofia."

Wakely alitupa jicho kwenye benchi. Wale wawili walikwisha simama, kofia zao vifuani. Alisitasita, kisha kwa kuona haya, pengine mara ya kwanza tangu ahamie kule, akaivua.

Lavonne aliipokea kutoka mkononi mwa Wakely, taratibu, kama mtu apokeaye sahani mezani. Akaikumbatia.

"Aa, hapana! Hiyo ni mali yangu!" Wakely akang'aka. "Nitakushtaki!"

"Mazishi ni Jumamosi, saa nne asubuhi," Lavonne akasema. "Itakuwa juu ya jeneza, na wachunga ng'ombe wa wilaya nzima watakuwepo. Kama ni yako, njoo uichukue mbele yao."

Wakely alimgeukia Verna, labda akitaraji atamtetea. Verna alikuwa ameshaufungua mlango, ameushikilia, anamngoja atoke.