Mshahara wa Jurgita

Sikumpenda Jurgita tangu siku ya kwanza, na sitajifanya hapa kwamba baadaye nilikuja kumpenda.

Nimekata minofu ya samaki katika kiwanda cha kisiwa cha Teistøya, huku Norwe, kwa miaka ishirini na sita. Januari ile meneja wetu, Odd-Arne Fagertun, alileta Walithuania tisa kupitia wakala ambaye hatukuwahi kumwona hata uso. Akawapanga katikati yetu, mmoja hapa mmoja pale, kama mtu anayechanganya karata. Jurgita akasimamishwa mkabala nami. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mdomo ameubana muda wote.

Alikuwa na kasi ya ajabu. Mimi nikimaliza samaki watatu, yeye yuko wa tano. Odd-Arne alikuwa akija kusimama nyuma yangu makusudi, amsifu nikisikia.

"Mwangalieni Jurgita, jamani! Hivyo ndivyo watu wanavyokata."

"Anakata kama anafukuzwa na polisi," nikasema kwa sauti. Wenzangu wakacheka. Nilidhani hajui Kinorwe.

Jurgita akageuza mnofu wake. Bila kuniangalia, akasema kwa Kinorwe cha kuokoteza: "Na wewe unakata kama unambembeleza mtoto alale."

Wakacheka zaidi, na safari hii walinicheka mimi. Ragna, jirani yangu wa mezani, alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa koti.

Kuanzia hapo ikawa vita. Kwenye chumba cha chai nilibandika karatasi juu ya jokofu: LA WENYEJI TU. Hakuna aliyeibandua. Walithuania wakawa wanaweka chakula chao dirishani, kwenye baridi, na asubuhi moja nilikuta karatasi yangu imechorwa samaki mwenye miwani kama yangu. Nilijua ni kazi ya nani.

Mwishoni mwa Februari samaki wa msimu waliingia kwa wingi. Boti zilipanga foleni gatini na sisi tulikuwa tukisimama saa kumi kwa siku. Mkata minofu bila chuma cha kunolea si kitu, maana kila baada ya samaki kadhaa lazima kisu kiguswe makali. Jurgita alikuwa na chuma chake mwenyewe, alikuja nacho kutoka kwao. Siku hiyo wakati wa chakula alikiacha kando ya sinki. Nikapita, nikakichukua, nikakitupa kwenye pipa la vichwa vya samaki.

Aliporudi alitafuta kila mahali.

"Nani amechukua chuma changu?"

Wengine hawakujua, na mimi nilijitia kuosha glavu. Akamwendea Odd-Arne.

"Kata kwanza, utatafuta baadaye," Odd-Arne akamwambia. "Huoni boti tatu zinasubiri?"

Kisu butu hukisukumi kama kisu kikali, inabidi ukikandamize. Kwenye saa tisa alasiri kiliteleza kwenye mfupa wa mgongo, kikazama katika kiganja chake cha kushoto. Hakupiga kelele. Alishika tu kifundo cha mkono na kuangalia damu ikitapakaa juu ya minofu myeupe.

Neno la kwanza la Odd-Arne lilikuwa: "Toeni hao samaki kwenye mkanda wa mashine!" Ndipo akageuka. "Gunnvor, wewe una gari. Mpeleke kwa daktari."

Zahanati iko ng'ambo ya daraja, mwendo wa nusu saa kukiwa na theluji. Jurgita alikaa kando yangu, mkono ameufunga taulo. Tulikuwa katikati ya safari aliponigeukia.

"Ni wewe," akasema.

"Mimi nini?"

"Chuma changu. Nilikuona ukitoka pale kwenye sinki."

Nilikaza macho barabarani. "Mbona hukumwambia Odd-Arne?"

"Angekufanya nini? Wewe kwenu ni hapa. Mimi ananipandisha ndege kesho." Akaukweza mkono kidogo, damu isishuke. "Daktari akisema wiki mbili, ni wiki mbili bila kitu. Siku nisiposimama mezani silipwi."

"Acha uongo. Mgonjwa analipwa. Ni sheria."

"Sheria yenu."

Nikamwuliza analipwa kiasi gani kwa saa. Akanitajia. Nilidhani amekosea Kinorwe, nikamwambia arudie, akarudia kwa vidole vya mkono mzima. Ilikuwa chini sana ya yangu, na kabla haijamfikia, wakala alikuwa ameshakata pesa ya kitanda katika chumba walicholala watu sita.

Ningependa kusema kwamba nilimwonea huruma. Kwa ule mkono niliona aibu, naam, na ilikaa nami siku nyingi. Lakini kilichonipanda kifuani pale ndani ya gari kilikuwa hofu, na hofu ikageuka hasira. Huyu anakata watano kwa bei rahisi, mimi nakata watatu kwa bei ghali. Mwakani ni nani atakayeambiwa akapumzike nyumbani?

Asubuhi yake niliingia ofisini kwa Odd-Arne bila kubisha hodi. Nikamwambia ninayoyajua.

"Hayo ni ya wakala," akasema. "Mimi nanunua saa za kazi, basi. Kaa, mama, unywe kahawa."

"Sikuja kunywa kahawa."

Akafunga mlango, akalainisha sauti. "Sikiliza, Gunnvor. Nilikuwa nafikiria mwakani nikutoe mezani, uwe msimamizi wa upakiaji. Utakaa kitini. Mgongo wako huo..."

"Na kisu changu atashika nani?"

Akarudi kuketi, akajimiminia kahawa.

"Wao," nikasema. "Na cha Ragna je? Na vya wengine?"

"Usiwe mbishi."

"Walipe kama sisi. La sivyo nawaita wakaguzi wa kazi."

"Waite!" Sasa alikuwa amesimama, shingo nyekundu. "Kiwanda kikifungwa, kisiwa kizima kitajua ni mkono wa nani."

Simu iliyokuwa karibu ni ile ya mezani kwake. Nikaiinua na kupiga mbele yake.

Wakaguzi walikuja baada ya siku tisa, mwanamume na mwanamke wenye mabuti mapya. Waliingia mpaka nyumba ya kulala, wakahesabu vitanda, wakabeba makaratasi. Odd-Arne alisimamisha kazi siku mbili na hakuacha kumweleza kila nahodha sababu. Boti zikapeleka samaki bandari ya pili.

Dada yangu Åshild, ambaye mumewe ana boti, alinikabili dukani kati ya rafu za unga.

"Umeridhika sasa? Umetuharibia msimu kwa ajili ya wageni!"

"Si kwa ajili yao."

"Kwa ajili ya nani basi?"

"Kwa ajili yangu, Åshild. Na yako, kama ungekuwa na akili."

Akaweka kikapu chake sakafuni na vitu vyote ndani, akatoka. Wiki hiyo mtu alinijazia matumbo ya samaki kwenye sanduku la barua.

Amri ya wakaguzi ilipotoka, kiwanda kilitakiwa kuwalipa wote kiwango kimoja, pamoja na malipo waliyopunjwa, na Jurgita alipwe siku zake za ugonjwa. Mkataba wa wakala ukavunjwa.

Jurgita alirudi wiki ya tatu. Kidole cha pete hakikukunjika tena, na sasa tulikuwa tukienda sawa mezani. Nilingoja wenzetu waondoke kwenda chai.

"Kile chuma," nikasema. "Naomba radhi."

"Kaa nayo radhi yako."

"Lakini mshahara..."

"Hukuutafuta kwa ajili yangu. Uliogopa." Akafuta kisu kwenye aproni. "Usingoje asante."

"Sikungoja," nikasema, ingawa nilikuwa nimengoja kidogo.

Msimu uliofuata Odd-Arne aliajiri watu wachache kuliko awali. Walithuania watano walirudi, Jurgita akiwamo. Wenyeji wawili waliachishwa kazi, mmoja wao Ragna, ambaye aliuza nyumba na kuhamia bara kwa binti yake. Siku ya kuondoka alipita mbele ya dirisha langu akiburuta sanduku. Nilitoka nje kumuaga, akavuka barabara kabla sijamfikia, na nikabaki nimesimama kwenye theluji na viatu vya ndani.